Panga chumba kwanza, maswali baadaye: utafiti na watu wenye usonji, disleksia na ADHD

Andiko la utafiti kuhusu usonji (autism) mara nyingi hupangwa hivi: wahojiwe wazazi 30, walimu 10, daktari mmoja au wawili, na ofisa ustawi wa jamii. Mwenye usonji anabaki kwenye kichwa cha andiko tu. Msimamizi akiuliza mbona yeye hahojiwi, jibu liko tayari: hawezi kujieleza. Tunaandika hapa kwa wanafunzi na mashirika ya Moshi na Arusha yanayotaka kufanya vinginevyo, na jibu hilo hatulikubali. Kinachoshindwa mara nyingi ni dodoso.

Watu wa ubongo tofauti tunaowazungumzia ni wenye usonji, disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), ADHD (ugumu wa kutulia na kushika jambo moja), Tourette (miondoko na sauti zinazomtoka mtu bila kutaka) na wengine ambao ubongo wao unapokea sauti, mwanga, maneno na muda kwa namna isiyo ya wengi. Utafiti tunaoupendekeza unaanzia kwenye uwezo wao, na hilo halimaanishi kusifu. Wapo wanaofika kijijini wakitafuta mtoto wa ajabu mwenye kalenda ya miaka mia kichwani, wasipompata wanaondoka wakisema hakuna kitu. Huko ni kumtwika mtu mzigo mwingine. Tunachotafuta ni cha kawaida kabisa: mtu anaweza nini, katika hali gani, na hali ikibadilika kinapotea nini.

Hoja hii ina ushahidi wa muda mrefu, na mmojawapo ulipatikana kwa jirani. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti wa watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, walioombwa kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa waya, wa Lusaka waliongoza, maana magari ya waya ndiyo michezo yao. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Mtafiti aliyekwenda na penseli peke yake angerudi na habari ya watoto wa Zambia wasioona maumbo vizuri, na angekuwa na takwimu za kuithibitisha.

Mwaka 2007 Michelle Dawson, ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na Laurent Mottron na wenzao wa Montreal, waliwapa watoto 38 wenye usonji vipimo viwili vya akili vinavyoheshimika. Kimoja, cha Wechsler, kina maelekezo mengi ya mdomo. Kingine, cha Raven, ni michoro yenye kipande kilichokosekana. Kwa wastani watoto wale wale walipanda nafasi 30 kati ya 100 walipohamia kwenye michoro. Pengo la namna hiyo halikuonekana kwa watoto wasio na usonji.

Halafu kuna kazi ya Catherine Crompton na wenzake, Edinburgh, mwaka 2020. Walipanga watu wanane wanane kwenye mnyororo: wa kwanza anasikia hadithi, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Minyororo ya watu wenye usonji watupu ilihifadhi hadithi sawa na ile ya wasio na usonji watupu. Iliyochanganya ndiyo iliyopoteza mengi na kwa haraka. Damian Milton, naye mwenye usonji, alikuwa ameshaandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Lawama haiwezi kukaa kwa mmoja.

Sasa jitazame ukiwa na kinasa sauti mkononi mbele ya kijana mwenye usonji. Wewe ndiye kiungo cha mnyororo uliochanganywa. Data inapotea kati yenu, na yeye ndiye anayeandikiwa kwamba hakushirikiana.

Kabla ya muhuri

Utafiti wa afya hapa nchini unahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na chuo kama KCMC University cha Moshi (zamani KCMUCo) kina kamati yake. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Baada ya hapo kuna msururu wa barua: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa au kijiji. Safari hiyo inaweza kula miezi. Kwa hofu ya kuchelewa, watu huandika kila kitu wenyewe, wakishapata kibali ndipo wanawatafuta wenye usonji ili “washirikishwe”. Wakati huo maswali yameshagongwa muhuri. Mtafiti mwenza, yaani mwenye ubongo tofauti anayefanya utafiti pamoja nawe, akisema swali la nne halieleweki, kulibadili ni kurudi kamati kuomba marekebisho, kwa hiyo linaachwa lilivyo. Hapo ndipo ushirikishwaji mwingi unapogeuka kuwa picha ya pamoja.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, kikundi cha watafiti wenza kiwepo kabla hujaandika ukurasa wa kwanza. Watu wazima wanne hadi sita wenye ubongo tofauti wanatosha, na vikao vitatu au vinne. Wazazi wawe na kikundi chao. Ukiwachanganya, wazazi ndio watakaoongea. Kikao cha kwanza kiamue swali la utafiti lenyewe. Usiende na swali lako ukiomba maoni, maana heshima ya kwetu itakupa “ni zuri” na hutajua kitu. Nenda na matatizo matatu au manne yanayogongana, waulize lipi linafaa kuachwa.

Pili, omba kibali cha upana wenye mipaka. Orodhesha mada zote, toa mfano wa swali kwa kila mada, kisha eleza kwamba maneno yanaweza kurekebishwa ndani ya mada hizo, na kwamba mshiriki anaweza kujibu kwa kuongea, kwa ujumbe wa simu, kwa kuchora, kwa kadi au kwa kuonyesha kazi kwa vitendo. Kamati inayoona mipaka imeandikwa ina sababu ndogo ya kukataa kuliko inayoona “njia shirikishi” bila maelezo.

Fedha za hatua hii huwa hazipo, kwa sababu ruzuku bado haijatoka. Watu sita kwa vikao vinne ni posho 24, nauli 24 na sahani 24. Tafuta hela hiyo mapema au punguza watu wawe wanne. Usiwaite bure ukiahidi kwamba mradi ukipita watakumbukwa.

Kuwapata watu

Ukianzia hospitali utapata watoto, tena wale ambao familia zao zina nauli. Watu wazima hawako huko. Wako gereji, kwenye mashamba ya migomba na kahawa, kwenye meza za kuchambua nafaka, nyuma ya banda la mama lishe wakiosha vyombo. Hawana karatasi ya daktari wala hawajawahi kuisikia. Tangazo liseme hali, lisiseme ugonjwa: tunatafuta watu wazima ambao kelele, kusoma, kukaa tuli au mabadiliko ya ghafla vinawasumbua kuliko wenzao, na wangependa kuzungumzia kazi wanazofanya. Lipeleke kwa mafundi, kwa viongozi wa dini, kwa walimu wastaafu.

Usimwambie mtu “wewe una usonji”. Kwenye jedwali lako weka safu mbili, moja ya waliopimwa na moja ya waliojieleza, na usizijumlishe kimya kimya. Anayetaka kupimwa mwelekeze. Upande wa Moshi kuna hospitali ya KCMC, ambako watoa tiba kazi pia hufundishwa. Wasaidizi wa utafiti wanaoelewa haraka zaidi tungewatafuta miongoni mwa waliosoma elimu maalumu, na Chuo cha Ualimu Patandi, kinachofundisha elimu hiyo, kiko Arumeru, jirani na Arusha mjini.

Chumba

Watafiti wengi hupuuza chumba. Sisi tungekipa siku nzima.

Kati ya Machi na Mei, ukumbi wa mabati usio na dari haufai. Mvua ya masika ikianza, hata asiye na shida ya kelele anapiga kelele ili asikike, na mwenye usonji ameshaziba masikio au ameondoka. Tafuta chumba chenye dari, au sogeza kazi hadi Juni. Nenda ukikague siku na saa ile ile ya mahojiano. Kaa dakika 15 bila kuongea huku kinasa sauti kikifanya kazi, kisha sikiliza ulichonasa kwa vipokea sauti vya masikioni. Utasikia mashine ya kusaga, honi za bodaboda, watoto wa shule ya jirani waliotoka mapumziko, mtu anayekata vyuma. Masikio yako yameshazoea kuyapuuza hayo. Ya mshiriki huenda hayawezi.

Zima taa ndefu nyeupe zinazopepesa, fungua dirisha. Viti vya plastiki vikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji vinakera, tandika mkeka chini yake. Usijipulize manukato siku hiyo, na chakula kisikaangwe chumba cha pili. Kaeni ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana, mlango uonekane, na kuwe na mahali pa pili pa kupumzikia, hata chini ya mti. Wengine huongea vizuri zaidi wakitembea au mikono ikiwa na kazi. Mpe mahindi ya kupukuchua kama ndivyo anavyotaka.

Mtumie picha ya jengo, ya chumba na ya atakayemhoji, pamoja na maelezo ya safari: daladala ipi, anashuka wapi, jengo lina rangi gani. Kama mmesema saa 4:00 asubuhi, anza saa 4:00. Ile “nakuja sasa hivi” yetu inaweza kumharibia mtu siku nzima. Na tafadhali, kusiwe na mgeni rasmi.

Mahojiano yasizidi dakika 40, na mapumziko baada ya 20. Kikundi kisizidi watu wanne.

Maswali yenyewe

Mpe maswali siku saba kabla, kwa maandishi na kwa sauti iliyorekodiwa. Wapo watakaoogopa kwamba majibu yatakuwa ya kuandaliwa. Ndiyo, yameandaliwa, na ndiyo maana yatakuwa mazuri. Unapima kazi na maisha ya mtu. Kasi ya kujibu si mada yako.

Swali liwe na jambo moja na liwe na mahali pa kushika. “Unajisikiaje kazini?” ni pana mno. “Jumatatu iliyopita, ulipofika gereji, kitu cha kwanza ulichofanya ni kipi?” linajibika. Ondoa “kwa kawaida” na “mara kwa mara”. Uliza wiki iliyopita mara ngapi. Methali na mafumbo viache nyumbani.

Ogopa swali la kukanusha. “Hujawahi kufukuzwa kazi?” Anajibu “Ndiyo.” Anakubali kwamba hajawahi, au anasema amewahi? Wasaidizi wawili wataandika majibu mawili tofauti na wote watakuwa na sababu. Uliza “Umewahi kufukuzwa kazi?” na yaishe.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi 20. Kama bado hakuna jibu, rudia kwa maneno yale yale. Msaidizi mwema hulirahisisha swali kwa maneno mapya, na mshiriki aliyekuwa karibu kujibu analazimika kuanza kulichambua upya. Akilirahisisha mara tatu, ameuliza maswali matatu.

Kutafuta uwezo usiulize “una kipaji gani?” Wengi watasema hawana. Uliza: watu hukuita uwasaidie nini? Kazi gani ukiianza unasahau kula? Kisha sema: nionyeshe. Akikuonyesha anavyopanga spana, anavyotambua kahawa mbovu kwa jicho au anavyokumbuka wateja kwa sauti zao, fuatilia hali tano: nani yupo, kuna sauti gani, ni saa ngapi, maelekezo yametoka kwa nani, na yametolewa kwa mdomo, kwa mfano au kwa maandishi. Hali hizo tano ndizo zitakazokuwa matokeo yako. Kipaji bila hali ni sifa ya kusomwa kwenye kikao.

Wafundishe pia wasaidizi kuhusu salamu. Asiyesema shikamoo, au asiyekupa mkono, huandikwa haraka kuwa hana adabu, na maelezo yake yote yanasomwa kwa jicho hilo. Kinyume chake, vipimo vya kigeni vinavyohesabu kutazamana machoni vinaweza kumkuta mtoto wa Machame aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, vikamtia kwenye kundi lisilo lake.

Ramani ya siku

Kwa wasiopenda maswali, tunapendekeza hii. Kata kadi 14 za ukubwa wa bahasha ndogo, kila moja na saa yake, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Zipange mezani kwa mstari. Mpe maharage 20 na punje 20 za mahindi kwenye sinia: maharage ni mambo yanapokwenda, mahindi ni yanapokwama. Aziweke atakavyo, si lazima ziishe. Ukae kimya mpaka aseme amemaliza. Kisha chukua kadi yenye maharage mengi zaidi na yenye mahindi mengi zaidi, uliza zile hali tano kwa kila moja. Piga picha ya meza, sura isionekane.

Mahali inapoharibika panajulikana. Mama anahamisha maharage: “Hapana, asubuhi huwa unasumbua.” Ndiyo maana mama ahojiwe wakati huo huo, meza nyingine, na msaidizi mwingine, naye ana mengi ya kusema na anastahili nafasi yake. Wengine hawavumilii mguso wa nafaka, weka visoda pembeni. Wasiofuata saa waandike kadi zao: kabla ya chai, baada ya ng'ombe kula. Na usitafute wastani wa maharage ya watu wote. Matano ya huyu si matano ya yule. Linganisha kadi na kadi ndani ya mtu mmoja, kisha linganisha hali kati ya watu.

Ridhaa na hela

Fomu ya ridhaa ya kurasa tano haisomwi na mtu, hata wewe. Fanya ukurasa mmoja au miwili, herufi za ukubwa wa 14, sentensi fupi, picha pembeni ya kila jambo, na uisome kwa sauti. Kisha uliza matatu: tutafanya nini, nani atasikia, ukitaka kuacha unafanyaje? Kama la tatu halijibiki, bado hujapata ridhaa. Weka mezani kadi nyekundu ya kuacha na mfanye zoezi la kuitumia mara moja kabla ya kuanza, maana kwa wengi kumkatiza mgeni ni utovu wa adabu, hawatathubutu bila kuonyeshwa.

Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi asaini na mtoto naye akubali. Kugeuza mwili, kusukuma karatasi, kuziba masikio ni kukataa, hata kama sahihi ya mzazi ipo. Mtu mzima hasainiwi na kaka yake kwa sababu tu ana usonji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Taarifa za afya nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo rekodi zisibaki kwenye simu ya msaidizi.

Kulipa kwa simu kunaonekana rahisi mpaka ujue laini ni ya nani. Usajili wa laini unadai namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Asiye nayo hutumia laini ya ndugu, na posho inafika kwa ndugu. Muulize faraghani anataka kulipwa vipi. Kama ni kwa simu, weka na ya kutolea. Kama ni taslimu, asaini mwenyewe au aweke dole gumba. Mtafiti mwenza mwenye disleksia alipwe sawa na msaidizi mwenye shahada kwa saa zile zile.

Uchambuzi

Hapa watafiti wenza wengi huachwa nje, kwa madai kwamba ni kazi ya kitaalamu. Chagua vipande vitano vya mahojiano kwa kikao, vifupi, visivyo na majina, vichapishwe kimoja kwa karatasi na visomwe kwa sauti. Kila mtu aseme anadhani mhusika alikuwa anafanya nini na kwa nini. Msipokubaliana, andika maoni yote mawili na nani kayatoa, usipige kura. Kipande ambacho msomi anakiita “kukwepa swali” na mwenye usonji anakiita “anatafuta neno lililo sahihi kabisa” ndicho chenye thamani kubwa katika kazi yote.

Mrejesho uwafikie washiriki kabla ya kongamano lolote: kurasa mbili, na sauti ya dakika tano kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili na kwa Kichaga, Kimeru au Kimaasai inapohitajika. Muulize kila mtafiti mwenza kama anataka jina lake kwenye chapisho. Kwa washiriki, kuficha jina hakutoshi. Fundi redio mwenye Tourette anayefanya kazi Usa River anajulikana na kila anayeshuka stendi pale, hata ukimwita Mshiriki namba 7. Badilisha kazi yake au mahali, kisha mwonyeshe aya hiyo mwenyewe kabla haijatoka.